Malalamiko Kuhusu Mbeleko Isiyo na Cheti

Iroquois, Louisville
Jumamosi

Kwa heshima ya Baba Mkwe, Mzee Gaudiosi, Buffalo.

Shikamoo, Baba. Natumaini theluji ya huko imewaachia mlango. Nakuandikia wewe kwa sababu ndiwe mdogo wa marehemu baba yake mke wangu Angelika, ndiwe uliyeusemea upande wao siku ya mahari, na tena si adabu mume kumlalamikia mama mkwe wake usoni. Shauri lenyewe linamhusu Mama Kostansia wa Columbus.

Kama ujuavyo, binti yetu Dative ametimiza miezi miwili, na katika ukoo wenu mtoto wa kwanza hubebwa kwa mbeleko itokayo kwa mama wa mke. Mama aliituma kwa gari la wanakwaya, ndani ya mfuko wa dagaa. Nikaizuia. Sasa amesema hatakanyaga nyumbani kwangu wala kumwona mjukuu mpaka kitambaa chake kiheshimiwe. Angelika analia. Mimi pia naumia, lakini kanuni ni kanuni. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kazi yangu ghalani ni kukagua makasha ya vitu vya watoto vinavyotoka ng'ambo. Kila kasha lazima liwe na cheti: nani katengeneza, wapi, lini, na maabara gani imepima. Hata bata wa plastiki wa kuogea ana cheti chake. Juzi niliwazuia bata elfu nne kwa kukosa tarehe tu, na msimamizi akanipa mkono. Je, niwazuie bata wa watu kisha nipitishe kitambaa cha Mama kwa kuwa ni mkwe? Huo ni upendeleo.

2. Nilimpigia simu kwa adabu nikamwuliza jina la kiwanda. Akajibu kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali nzuri, Baba, lakini haina namba ya usajili.

3. Nilipouliza kuhusu majaribio, alisema mbeleko hiyo hiyo aliyoishona mwenyewe ndiyo iliyombeba Angelika walipokimbia, siku sita kwa miguu kutoka Burundi mpaka Tanzania, na baadaye wadogo zake wanne kambini. Kumbe ni bidhaa iliyokwisha kutumika, na hakuna mahali palipoandikwa hivyo. Isitoshe, mtengenezaji haruhusiwi kujipimia mwenyewe. Nikamwomba jina la shahidi asiye ndugu. Akakata simu.

4. Kwa kutaka haki, nikaipima mimi. Nilijifunga mgongoni mfuko wa mchele wa kilo kumi, nikazunguka bustani ya Iroquois mara tatu. Fundo halikulegea, nakiri. Ila jirani yetu Mkongomani, Mama Bulonza, alinisimamisha mbele ya watu akauliza: "Bon, papa Dative, ile mutoto ya muchele iko na miezi ngapi?" Kwenye fomu yangu hapakuwa na nafasi ya swali hilo. Mchele haukulia, lakini wala haukulala, kwa hiyo jaribio halikuthibitisha kitu.

5. Mbeleko iko juu ya kabati, nimeibandika karatasi nyekundu ya zuio. Dative analazwa katika kigari chenye cheti cha kurasa nne, na analia tangu asubuhi. Nimemsomea kurasa zote nne. Ule wa vipimo vya rangi ndio uliomkasirisha zaidi.

6. Angelika naye ametangaza kwamba mume asiye na cheti hapakuliwi ugali. Nikamwonyesha cheti cha ndoa. Akasema hicho kinathibitisha kwamba nilifika kanisani, ubora hakiutaji. Siku ya tatu leo nakula mkate mkavu.

Kwa hiyo, Baba, naomba utoe cheti kwa mkono wako, chenye muhuri wa kanisa na sahihi za wazee wawili wasio wa ukoo. Kiithibitishe mbeleko na, kwa kuwa kalamu itakuwa mkononi, kithibitishe pia mikono ya Mama, mgongo wake, na nyimbo zote za kubembelezea anazokusudia kuziingiza Kentucky. Akija bila hicho, nitalazimika kumzuia mlangoni siku thelathini, akihudumiwa chai.

Nisalimie Mama Flavia, watoto, wanajumuiya, na wenzako wote kule kiwandani.

Mimi mkweo mtiifu na mkaguzi daraja la pili,
Protasi

Tanbihi: Baba, barua ilikuwa imeshaingia kwenye bahasha. Angelika ameenda kazini, nikabaki na Dative. Alilia mpaka sauti ikamkauka, na mimi nikaanza kulia. Nikabandua ile karatasi nyekundu, nikamfunga mgongoni. Alivuta pumzi mara mbili, akalala. Haya nayaandika nimesimama, karatasi juu ya friji, maana nikikaa tu ataamka; nikimaliza nakutumia picha ya barua yote kwa simu. Usitoe cheti chochote. Mpigie Mama sasa hivi, mwambie nimekosa, apande basi la leo. Asipotaka kuongea nami si neno, aongee na mjukuu wake. Ila aje upesi: kumfunga nilijaribu nikaweza, kumshusha sijui, na Angelika harudi mpaka jioni.