Ati Ndugu wa Drinan Waliagana kwa Upendo

Mtaa wa Blarney,
Cork.

Mheshimiwa Bwana Bartholomew Drinan, Mkurugenzi wa Chai ya Drinan,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na birika liko jikoni. Mimi ni Attracta Lucey, mjane, na nyumbani kwetu haijawahi kunywewa chai isiyo yenu. Nakuandikia kwa masikitiko kuhusu kitabu chenu kipya cha historia ya kampuni. Mmeandika kwamba babu yako Malachy na mdogo wake Fintan, aliyehamia Dublin kuanzisha chai yake mwenyewe, "waliagana kwa upendo." Kwa upendo, Bwana Drinan? Malalamiko yangu ni haya:

1. Sisi tuliambiwa walipigana ngumi dukani, kisa Fintan kutia maziwa kikombeni kabla ya chai. Marehemu baba yangu, aliyekuwa akifungasha majani kiwandani kwenu, aliushika ugomvi huo kama dini. Dada yake Concepta alipoolewa Dublin akaanza kunywa chai ya Fintan, baba hakumsemesha tena. Hata kumzika hakwenda. Alikaa jikoni na kikombe cha chai yenu, analia. Je, alilia bure?

2. Mwezi uliopita binti yangu Assumpta alimleta mchumba wake, Fiachra, wa Dublin. Nikamkaribisha kwa mkate na siagi. Akaonja chai, akasema, "Mama, hii ilivyo kali, mtu anaweza kuipaka lango kama rangi."

Nikamwambia, "Na lango ndilo lile, mwanangu."

Assumpta akafoka, "Mama, ni majani tu!"

"Majani tu? Na Yesu alikuwa seremala tu?"

Wakaondoka wote wawili. Mpaka leo Assumpta hajanipigia simu. Harusi ni Jumamosi.

3. Kama hapakuwa na ugomvi, basi nimemfukuza mwanangu wa pekee bila sababu, jambo ambalo mwanamke wa heshima zangu hawezi kulifanya. Kwa hiyo ugomvi ulikuwepo.

4. Kwa kuwa ulikuwepo, naomba mkirekebishe kitabu. Mkishindwa, naomba kwa unyenyekevu uanzishe ugomvi mpya kabla ya Jumamosi. Mtukane binamu yako wa Dublin, mrithi wa Fintan, gazetini, maneno machache yanatosha. Akijibu, mshtaki. Asipojibu, hiyo ni dharau, mshtaki vilevile.

Nisalimie mkeo, wafanyakazi wote wa ghalani, na mama yako mzazi, ambaye nasikia magoti bado yanamsumbua.

Ni mimi, mteja wenu mwaminifu na mwenye uchungu,
Attracta Lucey

N.B. Sijafunga bahasha, Assumpta huyo mlango wa nyuma, macho yamemvimba. "Mama," kasema, "kanisani nitaingia na nani?" Nikabandika birika, kumbe majani nimeyamaliza nikikuandikia wewe. Fiachra, aliyekuja naye, akatuchemshia yao ya Dublin. Nimekunywa vikombe viwili, na cha pili nilikiomba mwenyewe. Kitabu kiacheni kilivyo. Njoo harusini, na binamu yako umlete. Ila mkitaka kupigana, subirini kwanza keki ikatwe.