Sakoshi ya Kinasa Sauti

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Kinasa sauti kimefika! Kidogo, cheusi, kinasikia hata sisimizi akikohoa. Nitamrekodi Bibi Mwanne, mama wa marehemu mama yangu. Nyimbo za kumtoa bibi harusi, mtaa mzima wa Buyenzi amebaki yeye tu anayezijua zote. Kisha nitazipeleka Kiriri, kule mlimani kwa wakubwa, niitwe mtaalamu. Binamu yangu Massoudi ana simu tu, tena kioo kimepasuka.

Nilifika kwa Bibi nimekibeba ndani ya soksi. Massoudi alicheka mpaka akashika ukuta. Bibi alikuwa tayari, keshakunywa tangawizi yake. Nikaomba tuahirishe, chombo cha heshima hakitolewi soksini. Bibi akasema mashini ni ya kusikia, si ya kuvaa. Wazee hawaelewi mambo haya.

Jumatano, 5 Novemba

Begi la mgongoni: kinasa kilizama chini, nikakitafuta kwa mkono mzima. Bure! Nikanunua sakoshi, kimkoba cha begani chenye mdomo wa kubandika. Kuifungua tu, raaa! Bibi akadhani gauni lake limechanika. Nimeirudisha sokoni.

Bibi anakohoa. Aliniambia, “Mutoto wangu, we unatafutia mashini nyumba, na mi nyumba yangu ya mwisho iko inaningoja.” Massoudi akafuta macho. Mimi nilikuwa napima mkanda wa begi.

Jumamosi, 8 Novemba

Bibi amenishonea mfuko kwa mkono wake! Kitenge alichovaa harusi ya mama yangu, na ndani pamba ya mto wake mwenyewe. Kinasa kiliingia kama yai kiotani. Ukweli usemwe: unafaa.

Lakini maua mekundu! Nitapandaje Kiriri na maua begani? Nikashukuru, nikauacha kitandani kwake. Nilimwambia avumilie, Jumatatu naleta begi la ngozi. Alikuwa anakunja uzi uliobaki.

Jumatatu, 10 Novemba

Ngozi tupu! Fundi amefanya kazi. Nimetoka kwangu Mutanga Sud natembea upande upande ili watu walione begi.

Kwa Bibi kulikuwa na mikeka mpaka barabarani. Massoudi akanishika mkono, akasema Bibi ametutoka alfajiri, baada ya kuswali. Inna lillahi.

Nilibeba jeneza kwa bega moja. Bega la pili lilikuwa na begi. Makaburini nikalifungua nitafute kitambaa cha kufuta machozi. Tupu. Hata kinasa chenyewe nilikisahau nyumbani. Nimelia kama mtoto, na sioni haya.

Alhamisi, 13 Novemba

Hitma imekwisha. Massoudi aliniita pembeni. Kumbe Jumapili alimrekodi Bibi, kwa simu ile ile iliyopasuka. Nyimbo zote, jogoo wa jirani akiitikia. Anasema katikati Bibi ananyamaza, anauliza, “Anouar iko wapi? Mumungoje kidogo, atakuya na mashini yake.” Wakaningoja. Kisha akaendelea kuimba.

Amenitilia kila kitu kwenye flashi, akaiweka ndani ya mfuko wa kitenge. Hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Nimekaa nayo jioni yote. Hakuna ninachokitaka duniani kama kuisikia sauti ile. Lakini flashi ndogo hivi, ndani ya mfuko mpana namna hii, si itapotea? Kesho asubuhi nitapita sokoni kuitafutia kimfuko chake, cha ngozi ikiwezekana. Nikikipata tu, nitakaa nimsikilize Bibi.