Mfungo Wangu wa Kamera

Jumatatu, 7 Julai
Damu tena kwenye haja kubwa. Dada yangu Tadea alianza hivi hivi. Akanyamaza, tukamzika.
Nimeshuka Mbinga mjini. Daktari Edina ataniangalia utumbo mpana kwa kamera. Bado anafundishwa kwa mtandao. Walimu wako Dar, watamfuatilia kwenye skrini kwa ruhusa yangu. Kesho nisile, ninywe lita nne za dawa ya kusafisha tumbo. Mke wangu Beata nimemwambia nafunga kwa nia maalumu. Mungu anisamehe! Lakini kamera inakopitia, mama watoto ajue?

Jumanne, 8 Julai
Beata kaitangazia jumuiya yetu ya kanisa nzima. Romanus, tunayegombea naye uenyekiti, kaniuliza mbele za watu tangu lini anayefunga akakimbilia chooni mara tisa. Nikajibu, dhambi zinatoka. Wakacheka.
Dawa ina chumvi kama machozi. Lita mbili nimeumwagia mbuni wa kahawa nyuma ya nyumba. Jioni, njaa! Makande, vijiko viwili. Vitatu.

Jumatano, 9 Julai
Aibu! Mwalimu wa Dar akauliza kwenye spika kile ni nini. Daktari Edina akajibu taratibu kwamba ni harage. Kipimo kikasimamishwa. Akaniambia hilo ndilo somo lao la kwanza: utumbo mchafu huficha uvimbe. Kisha akauliza, baba, unamdanganya nani? Nimeomba siku nyingine, nikarudi nyumbani Maguu.

Jumanne, 15 Julai
Nimerudi. Safari hii nimekunywa zote nne.
Kamera ikaingia, ikaanza kutoka polepole. Nikasali rozari. Makumi mawili yakaisha, bado! Nikamuuliza daktari kama amepotea. Akasema kuingia si kazi. Wanafundishwa kutoka bila haraka, hapo ndipo mambo huonekana. Kwenye kumi la tatu akasimama. Kiuvimbe, kama punje ya kahawa. Akakikata hapo hapo.
Nilitaka kukificha kwa vijiko vitatu vya makande. Nimelia. Nimemlilia Tadea pia.

Jumapili, 3 Agosti
Majibu ya maabara: kilikuwa hakijageuka saratani. Atukuzwe Mungu! Daktari ameniagiza nisifiche tena, nimwambie Beata na ndugu zangu wote. Nitawaambia.
Baada ya misa Romanus kanivuta pembeni. Hana utani. Naye anaona damu, tangu Pasaka. Anaogopa. Na mkewe, yeye amwambie nini?
Nimemshika mkono. Nimemwambia nitampeleka mwenyewe, anywe dawa yote, harage asiliguse. Akashusha pumzi.
Na kuhusu mkewe, asihangaike. Aseme amefunga.