Koti la Mpelelezi, Mchana wa Qurum

Saa tisa na dakika saba alasiri ya leo nilikuwa bado mtu wa heshima. Nimeiandika saa hiyo kwa sababu ndiyo ya mwisho.

Mdogo wangu Zuwena anaposwa na mtu aitwaye Khalfan. Jibu anakuja kulichukua leo baada ya Magharibi, na kazi ya kumchunguza nimepewa mimi, kaka mkubwa. Mama aliniambia, "Nenda msikitini kwake, uliza watu." Njia ya kizamani! Mimi upelelezi nimejifundisha mwenyewe, miaka sita, kwa filamu za kale za nyeusi na nyeupe. Moja nimeitazama mara kumi na moja (nna daftari lake). Humo mpelelezi huvaa koti refu na kofia ya pama, hukaa hatua ishirini nyuma ya mtu wake, na hujificha kwa gazeti lililotobolewa matundu mawili.

Basi nikavaa koti juu ya kanzu. Digrii arobaini na mbili. (Kwenye filamu mvua hainyamazi. Nililiona jambo dogo.)

Nikamfuata Khalfan kwa gari kutoka mtaa wa Azaiba hadi mtaa wa Qurum. Akaegesha, akashuka na mfuko mrefu mweusi. Aha! Kwenye filamu, mfuko kama ule una pesa au maiti. Nami nikashuka. Hatua ishirini, gazeti usoni.

Kitu kimoja daftari langu halikuwa nacho: Qurum hakuna anayekwenda kwa miguu.

Gari la kwanza likasimama. "Ami, gari limekufa? Panda, yalla, twende!"

"Ahsante, natembea tu."

"Unatembea?" Kama nimemwambia naruka.

La pili likasimama, mama mmoja akateremsha kioo. "Maskini, kapotea huyu. Baba, kwenu wapi?" (Nna miaka hamsini na moja.)

La tatu likarudi kinyumenyume likipiga honi. Mara watu wanne wamenizunguka. Mmoja ananivua pama, mwengine ananipepea kwa gazeti langu mwenyewe. "Mbona limetoboka?" akauliza.

Khalfan akageuka. Akaja mbio.

"Kaka Seif! Kumbe umeshuka! Nimekuona nyuma yangu tangu Azaiba. Nikasema labda huijui njia, nikawa naendesha polepole usipotee."

Usipotee!

Akaninunulia maji, akanitia garini mwake, akanipakatisha ule mfuko. "Nishikie, kaka. Kanzu yangu ya kuvaa kwenu leo, nilikuwa naipeleka kwa dobi. Lakini haidhuru, kwanza tukufikishe nyumbani. Nitaivaa na mikunjo yake."

Mlangoni, Mama alilitazama koti, akanitazama mimi, jasho linanitiririka mpaka viatuni. "Si nilikwambia msikitini?"

Zuwena alicheka mpaka akakaa chini. Nikamweleza yote, neno kwa neno, kwa sababu ripoti ni ripoti. Akafuta machozi.

"Basi mwambie nimekubali, kaka. Mtu kakuona hivyo, na bado anataka kuoa nyumba hii? Mwengine kama huyo nitampata wapi?"

Anayetaka kunicheka asubiri siku ya harusi, tucheke pamoja. Koti rial kumi na tatu, pama rial nne na nusu. Jumla ya hasara, rial kumi na saba na nusu. Maji kalipa shemeji.