Daktari Aonje Kwanza

Erasmus, aliyejiita daktari, alipomwona Bi Somoe, mkaanga vitumbua wa Tandika, akiweka upawa chini na kujisugua uvimbe mkononi, alimshukuru Mungu. Mungu, nadhani, hakuitikia.

"Shikamoo mama. Ukiugusa, vidole vinawaka moto?"

"Marahaba. Mpaka kwenye kucha, mwanangu!"

"Uvimbe wa mshipa wa fahamu huo. Njoo kwenye utrasaundi yangu, uyeyushwe. Malipo ni lile friji lako tu."

Bi Somoe akaligeukia friji. Barafu za friji hilo ndizo zilizomlisha siku ambazo mkono uligoma kukaanga.

Utrasaundi yenyewe ilikuwa televisheni kuukuu, maikrofoni iliyopakwa mafuta ya nazi, na video moja ya uvimbe mkubwa kama embe. Kila aliyepimwa alikutwa na embe.

Kesho yake Bi Somoe akaja, friji limebebwa na majirani. Chumba kilijaa wagonjwa.

"Anza kujipima wewe," akasema. "Kwetu Masasi, anayekukaribisha kinywaji hukionja kwanza mbele yako. Sembuse mashine?"

"Mama, mie mzima!"

"Ndio tuuone huo uzima."

"Aonje! Aonje!" wakaitikia wagonjwa.

Erasmus akaweka maikrofoni mkononi mwake. Embe likatokea.

Sasa aseme mashine ni ya uongo, apigwe? Akachagua ugonjwa.

"Jamani, nimekwisha!"

"Hufi, braza, sie tupo," akasema Anwar, fundi televisheni. Wema wa Tandika hauna breki: papo hapo akainunua ile televisheni, mwingine akanunua pikipiki ya Erasmus, na "daktari" akapakiwa kwenye bajaji hadi hospitali. Bi Somoe ndiye aliyeshika fedha za matibabu.

Huko, utrasaundi ya kweli haikumkuta Erasmus na uvimbe wowote.

"Huyu mzima," Bi Somoe akamwambia mhasibu. "Fedha zimfuate mgonjwa."

Erasmus akafumbua mdomo. Wagonjwa wake wote walikuwa nyuma yake, wakianza kuulizana lile embe lilikuwa la nani. Akaufumba.

Bi Somoe akapigwa utrasaundi, kisha MRI: uvimbe mdogo kama kunde, usio saratani, umeng'ang'ania mshipa wa fahamu. Wakautoa taratibu, mshipa ukabaki salama.

Baada ya miezi miwili Erasmus akapita kwa miguu, ana njaa. Bi Somoe, mkono mwepesi kabisa, akamnyooshea kitumbua cha moto.

Erasmus akakitazama kwa mashaka. "Onja kwanza, mama."

Bi Somoe akakionja chote.