Pumzi Tatu Kabla ya Kusema

Jumapili, 1 Agosti 1971. Bongwe.

Tumu ameondoka. Amekwenda kwao Bodo, njia ya Msambweni, na sanduku la nguo, mto wake wa sufi na kibao cha mbuzi. Mke akichukua nguo peke yake, atarudi. Akichukua na kibao cha kukunia nazi, mambo yameharibika.

Watu wanasema sababu ni mdomo wangu. Mimi nasema ni midomo ya watu! Nilichosema kwenye baraza ya kahawa ni kitu kidogo. Kwamba mama mkwe wangu, Bi Mwanarusi, alikuja kututembelea siku tatu, akakaa mpaka kuku wakawa wanamfuata yeye. Watu walicheka. Nikaongeza kidogo, kwa kuwa walikuwa wanacheka. Kwamba alilala chumbani na binti yake, nami nililala ukumbini na magunia ya makaa. Hilo lilikuwa kweli tupu.

Habari ilifika Bodo kabla sijamaliza kikombe. Aliyeipeleka namjua: Abdurahman, fundi cherehani, jirani yangu. Dada yake ameolewa huko. Mtu wa maneno laini, kila mwanamke wa Bongwe anamsifu. Simpendi.

Mkwe wangu, Mzee Athmani, ameleta salamu. Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe kumi na tatu, baada ya sala, niende Bodo na mtu wangu mzima tusikilizwe. Nisipowaridhisha, nimwandikie Tumu talaka.

Talaka! Nimempenda Tumu tangu alipokuwa akinicheka mbele za watu. Leo hakuna wa kuniambia ninyamaze. Nimenyamaza mwenyewe jioni nzima, na nimechoka.

Jumatatu, 2 Agosti

Kazi yangu ni udalali. Mbuzi, nyumba za kupangisha, chochote ambacho mwenyewe anataka kuachana nacho. Mwezi uliopita nilimpatia nyumba Mwalimu Gunasena. Huyu ni mtu wa Seiloni, anafundisha hesabu, na dini yake ni ya Buda. Nilimwambia kisima cha nyumba ile kina maji matamu. Maji yale hata bata hawayataki.

Leo akaja. Nikajitayarisha kwa ugomvi, nikiwa na majibu matatu mkononi. Hakugomba. Akaketi, akavuta pumzi, akaniangalia vizuri. Kisha akasema kwa upole kwamba maji yana chumvi, kwamba mke wake anaumwa tumbo, na kwamba anadhani mimi nilijua. Basi. Akanyamaza.

Sijui kilichonipata. Nikaomba radhi! Mimi! Nikabeba madumu mawili nikamtekea maji kwenye kisima cha msikiti, jua likinichoma utosi. Nilipokuwa njiani na dumu la pili nikang'amua: huyu bwana ana silaha. Nami ninaitaka.

Jumanne, 3 Agosti

Nimekwenda kuomba kufundishwa. Nikauliza kwanza kama itanilazimu kuacha dini yangu. Mwalimu akacheka, akasema kunyamaza hakuna dini.

Mafundisho ni haya. Kabla neno halijatoka, vuta pumzi tatu, kisha uliulize. Je, ni kweli? Lina faida? Ni la upole? Wakati wake ni huu? Maswali hayo anayaita milango; neno likishindwa hata mlango mmoja, libaki ndani. Kulikuwa na mlango wa tano, unahusu moyo na kumtakia mwenzio kheri, lakini sikuuandika. Minne inatosha.

Akasema pia kwamba kumsikiliza mtu si kungoja zamu yako ya kusema. Hilo sikulielewa. Sasa utafanya nini muda wote huo?

Nikamweleza Mjomba Sefu, ambaye ndiye atakayeniombea Bodo. Akasema hayo yote tulisomeshwa chuoni, kwenye Kurani, tukiwa watoto, useme la kheri au unyamaze. Nikamwambia chuoni mimi nilikuwa naongea.

Jumatano, 4 Agosti

Nimeanza mazoezi sokoni Ukunda. Akaja mtu mmoja aitwaye Rai, kutoka bara huko Kinango, anatafuta beberu wa karamu. Ninaye mmoja niliyepewa nimuuze. Nikavuta pumzi tatu. Nikasema kweli, kwa upole: beberu huyu ni mzee, alfajiri anakohoa, na mwenyewe anamuuza kwa sababu hiyo.

Rai akanitazama. Akamzunguka beberu. Akasema mimi namfanya mjinga, dalali hawezi kutukana mali yake ila ana mnunuzi mwingine mnono. Akadai kumchukua hapo hapo. Mwenye beberu, aliyekuwa nyuma yangu, akasikia mnyama wake anaitwa mkohozi. Akamfungua kamba akaenda naye kwao. Nikabaki na Rai, naye akaniita mwizi.

Kweli ni kazi ngumu. Nimelala mchana wote.

Ijumaa, 6 Agosti

Balaa la salamu!

Nilipotoka msikitini nilikutana na Mzee Mangi, mtu wa heshima zake. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba. Hapo sawa. Kisha akauliza habari za nyumbani. Nikataka kusema njema, kama watu wote. Nikakumbuka mlango wa kwanza. Njema gani, na mke yuko Bodo na kibao cha mbuzi? Nikavuta pumzi ya kwanza. Akauliza tena. Nikavuta ya pili. Akanikazia macho. Ya tatu. Nikamwambia polepole kwamba nyumbani si kwema, nimelala na njaa, na asubuhi nilikula embe bichi.

Mzee Mangi akarudi nyuma hatua. Huku kwetu hata aliyefiwa husema njema kwanza, kisha ndiyo aeleze msiba. Nami nilijua! Nimezaliwa hapa! Lakini nilikuwa mazoezini. Waliofuata nikawafanyia vile vile, maana nikianza kitu huwa siwezi kuacha. Mmoja niliposita kumjibu kuhusu afya yangu aliniwekea mkono kwenye paji la uso.

Kufika alasiri, Bongwe nzima inajua kwamba Abdalla dalali amepatwa na jambo la kichwa.

Jumapili, 8 Agosti

Wameniletea kombe. Mwalimu wa chuo aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji ya marashi, nikanyweshwa. Nilikuwa na njaa, nikaomba tena. Hilo nalo likahesabiwa kuwa dalili.

Abdurahman alikuwepo, bila shaka. Alinishika mkono mbele ya watu wote, na kwa ile sauti yake akaniuliza kama namjua yeye ni nani. Jibu lilinijia mara moja, lakini halikuwa la upole. Nikavuta pumzi nitafute jingine. La pili halikuwa na faida. La tatu lilikuwa tusi. Nikaendelea kuvuta. Abdurahman akawageukia watu akasema, maskini, hanijui.

Wanawake wakalia. Nami karibu nilie, kwa uchovu.

Jumatano, 11 Agosti

Habari kutoka Bodo, zimeletwa na dada yake Abdurahman. Tumu aliposikia mimi mgonjwa alilia, akaacha chakula. Bi Mwanarusi akasema ikiwa Abdalla amenyamaza, basi huo si ugonjwa, ndiyo kupona.

Mama yule ana ulimi! Na mimi ndiye nisemwaye!

Lakini Tumu amelia. Nimekaa na neno hilo tangu asubuhi. Kwa upande mmoja limeniuma. Kwa upande mwingine limenipa mpango. Nimeazima bakora. Ijumaa nitaingia Bodo nikichechemea, macho chini, nisiseme kitu. Atakayemnyima mgonjwa mke wake ni nani? Nimemweleza Mjomba Sefu. Akaniuliza ugonjwa wa kichwa unahusiana vipi na mguu. Nikavuta pumzi tatu. Sikupata jibu, lakini bakora naichukua.

Ijumaa, 13 Agosti. Bodo.

Naandika nimekaa chini ya mnazi nyuma ya nyumba ya wakwe.

Tulipokelewa baada ya sala. Mkeka ukatandikwa ukumbini. Mzee Athmani upande mmoja, Mjomba na mimi upande wa pili. Bi Mwanarusi na Tumu walikaa chumbani nyuma ya pazia, ndivyo ilivyo, mkwe hatazamani na mkwewe. Mjomba akaniombea vizuri, akanitetea kwa mambo ambayo nusu yake sikuyafanya. Kisha ikawa zamu ya nyuma ya pazia.

Nilikuwa nimejitayarisha. Nina majibu kuhusu kuku, kuhusu magunia, kuhusu kila siku aliyokaa kwangu. Bi Mwanarusi akaanza, nikafumba mdomo nikavuta pumzi ili nimkamate vizuri atakapokosea. Na kwa kuwa mdomo ulikuwa umefungwa, masikio yakawa hayana kazi nyingine.

Akasema hakuja kwangu kutembea. Aliitwa na binti yake. Tumu alikuwa na mimba ya miezi minne, ikatoka, akatokwa na damu, akaogopa, akamtuma mtu kwa mama yake. Mama akakaa mpaka binti yake akaweza kusimama jikoni. Ndiyo maana alilala naye chumbani. Akamtaka Mzee Athmani amuulize mkwewe kama aliambiwa au hakuambiwa.

Mjomba akanigeukia. Nami nikataka kusema sikuambiwa, wallahi. Lakini nikakumbuka. Jioni moja, kabla mama yake hajaja, Tumu alikuja mlangoni, akaegemea, akaniambia jambo. Mimi nilikuwa namweleza habari ya kiwanja cha Diani na Mzungu aliyekitaka. Nakumbuka jibu langu. Nilimjibu, "Tutaona." Alilolisema yeye silikumbuki.

Bakora ikaanguka. Sikuchechemea, sikupanga. Nililia mbele ya mkwe wangu, kitu cha aibu. Nikasema, "Sikusikia, mama. Tumu, sikukusikia. Nisameheni." Mjomba baadaye aliniambia ndiyo hotuba fupi kuliko zote nilizowahi kutoa, akadhani ninazimia.

Kisha nikamsikia Tumu akisema polepole kwamba hilo tu ndilo alilokuwa analingoja.

Mzee Athmani akakata shauri. Tumu atarudi Jumapili. Sharti ni moja: yaliyosemwa ukumbini mwake yabaki ukumbini mwake. La mimba zaidi ya yote. Hilo ni la Tumu na Mungu wake, na siku likisikika kwenye baraza yoyote, Tumu atarudi Bodo, na mara hiyo yeye Mzee Athmani hatamwita mtu kuja kusikilizwa. Nikaapa mbele ya Mjomba.

Tukaletewa wali wa nazi na mchuzi wa papa. Nilikula nikilia. Nimeona leo jinsi nilivyo mtu mwenye bahati.

Jumapili, 15 Agosti. Bongwe.

Amerudi! Kaka yake alimbebea sanduku. Kibao cha mbuzi kimerudi mahali pake. Nyumba inanuka nazi.

Jioni alinisimulia habari ya jirani wa Bodo ambaye kuku wake hutaga juu ya paa. Habari ndefu. Nilisikiliza mpaka mwisho. Karibu na mwisho. Alicheka, akasema nimebadilika. Nikavuta pumzi kabla ya kukubali.

Nilipita kwa Mwalimu Gunasena kumshukuru. Nikamwambia silaha yake ni kali. Akasema si silaha, akaanza tena ule mlango wa tano. Nilikuwa na haraka.

Jumanne, 17 Agosti

Siku ya ushindi!

Nilikwenda baraza ya kahawa baada ya magharibi. Abdurahman alikuwa anawaeleza watu kwamba wakwe zangu walinirudishia mke kwa huruma, kwa kuwa nimerukwa na akili. Kila mtu akaitikia, maskini, maskini. Damu ilinichemka. Zamani ningeropoka. Lakini mimi si yule tena.

Nikavuta pumzi tatu. Watu wote waliona. Kisha nikajiuliza. Nitakalolisema ni kweli? Kila herufi. Lina faida? Kubwa, kwa jina langu. Ni la upole? Nikateremsha sauti. Wakati wake ni huu? Kahawa ndiyo kwanza imemiminwa. Milango yote minne ikafunguka!

Basi nikawaeleza. Pazia, maneno ya Bi Mwanarusi, mimba, miezi minne, damu, machozi yangu, yote, kwa utaratibu, ili wajue kwamba nilirudishiwa mke kwa ustadi wa kusikiliza na si kwa huruma. Baraza ile haijawahi kunisikiliza hivyo. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyenikatiza. Mzee Mangi aliinamisha kichwa. Abdurahman aliweka kikombe chini bila kukimaliza, akasema, "Abdalla, yasitiri haya," akaondoka. Ameshindwa, hana la kujibu.

Nafikiria kufungua darasa. Watu wa mji huu wanahitaji sana kufundishwa kusema.

Nimerudi nyumbani nikamkuta Tumu ameketi ukumbini. Mke wa Abdurahman alikuwa anatoka, hakuniamkia. Nikamweleza Tumu jinsi nilivyolitetea jina letu, mlango kwa mlango. Hakunikatiza hata mara moja. Akaniangalia, akavuta pumzi ndefu, na kwa upole ambao sijapata kuusikia kwake akaniuliza basi la kwanza la Msambweni linapita saa ngapi.

Nikamjibu kwa kweli, kwa upole na kwa wakati wake: saa kumi na mbili asubuhi, na awahi, maana dereva hangoji mtu. Sikumuuliza nani anasafiri. Nimejifunza kutomkatiza mtu.