Bendera Isiyo na Picha

Jumatatu, 26 Agosti 2019

Mkuu wa idara yetu ya fasihi, Dk. Turkson, amenirudishia sura ya nne ya tasnifu. Anasema naihakiki jamii kama mtu anayechungulia harusi ya jirani dirishani. Niingie ndani, anasema. Yeye, ambaye sikukuu ya mji wetu huitazama kwenye televisheni! Nina karata yangu.

Karata ni kiti cha babu. Tangu afariki, kiti chake cha ukapteni katika Asafo Namba Mbili, kimoja cha vikosi vya jadi vya mji wetu, kipo tu bila mtu. Baba yangu, Egya Quansah, hawezi kukishika, magoti yamegoma. Miaka yote amenisihi nikichukue mimi. Leo nimekubali. Mzee alilia! Nikamfafanulia kwamba kiti chenyewe ni itikadi tu iliyovishwa ubao. Akasema sawa mwanangu, kikalie hivyo hivyo.

Kuna sharti. Kapteni mpya huleta bendera mpya yenye picha ya methali, nayo hupeperushwa na kuchezwa kwa ngoma Jumamosi ya sikukuu mbele ya mji mzima. Nikishindwa, kiti kinakwenda kwa binamu yangu Fiifi Bentsil, muuza matairi. Nasikia Fiifi ameshashonesha nguo za ukapteni. Atazivaa dukani.

Jumanne, 27 Agosti

Wazo! Limenijia bafuni, nikiwa na sabuni machoni.

Bendera zote za mji huu ni matusi. Babu alichora jogoo amesimama juu ya kichwa cha mamba. Mamba ni Namba Tatu, mahasimu wetu wa tangu na tangu. Namba Tatu wakajibu kwa mamba mwenye manyoya mdomoni. Watu wakapasuana vichwa. Kisa? Mchoraji kumlazimisha msomaji maana. Udikteta mtupu! Mimi nitadengua, nivunje maana zilizopangwa. Bendera yangu haitakuwa na picha. Kitambaa cheupe, pindo nyekundu, basi. Msomaji ajaze mwenyewe. Bendera ya kwanza duniani isiyoweza kumtukana mtu! Sura ya nne itajiandika yenyewe.

Fundi Otsiwa, mshona bendera, aliniuliza picha iko wapi. Nikamwambia kutokuwepo nako ni namna ya kuwepo. Akaniuliza kama nimekula. Hata hivyo alishona, na alimaliza kabla chai yake haijapoa.

Egya anataka kujua nimechora nini. Nimemwambia ataona. Ameenda kuwaringia wazee wenzake.

Alhamisi, 29 Agosti

Balaa!

Leo ilikuwa siku ya kumwonyesha chifu bendera, Namba Mbili na Namba Tatu wakiwa wamekaa pande mbili za uwanja wake. Ndiyo desturi: aliyetukanwa aseme leo, asingoje Jumamosi na jiwe mkononi. Nikakunjua. Kimya. Nilifurahi, maana kimya ndicho mwanzo wa usomaji.

Supi Ackon, mkuu wa kikosi chetu, akaniuliza kwa upole kama nimeshika upande usio wenyewe. Nikageuza. Nako kweupe. Hapo upole ukaisha. Alisema tangu enzi za mababu Namba Mbili haijawahi kuinua kitambaa cheupe kuomba amani, na leo imeombewa na msomi. Nikaanza kumweleza. Sikufika mbali, kwa sababu ng'ambo ya pili alikuwa amesimama Mama Efuwa Dadzie, msemaji wa Namba Tatu, anajifunga kanga kiunoni.

Mama Efuwa alisema wao wameielewa bendera vizuri kabisa. Kijana ametafuta mtu wa kuchora upande wao, hakumwona. Akatafuta hata mnyama, hakumwona. "Heri babu yake! Babu yake alituita mamba, tukameza. Huyu anatuita hewa!"

Kwa uaminifu wa kitaaluma nikasema usomaji huo nao ni halali. Laiti nisingesema halali. Viti viliruka pande zote mbili, na vyote vilikuja kwangu.

Nana, chifu wetu, amekata shauri. Kufikia kesho jioni niwe na picha ambayo pande zote mbili zinaikubali. La sivyo bendera inachomwa, natozwa kondoo na pombe ya kuwaomba radhi mababu, na kiti anapewa Fiifi. Fiifi alipiga makofi mpaka mkewe akamshika mikono.

Egya alirudi nyumbani kwa miguu. Nilimpa mkono kwenye mtaro, akaukataa, akavuka mwenyewe na magoti yale. Hilo limeniuma kuliko viti.

Ijumaa, 30 Agosti

Asubuhi mbaya. Nimependekeza samaki. Supi akasema samaki ni chakula, nani kala nani? Nimependekeza mti. Namba Tatu wakauliza kivuli cha mti kimeangukia upande gani. Nimependekeza jua. Nana mwenyewe amekataa: jua ni yeye. Fiifi alipita kunisaidia, akashauri tairi.

Saa kumi wazee wa pande zote wakaja kwa Nana kunihukumu. Viti vingi vilikuwa vimevunjika jana, ikabidi wabanane kwenye benchi moja, Mama Efuwa bega kwa bega na Supi Ackon. Nikaona nafasi ndiyo hii. Nikawafundisha nadharia tangu mwanzo, bila haraka. Walinisikiliza kama watu wanaotazama gari likiingia mtaroni. Nilipopumua, Mama Efuwa akamgeukia Supi. Je, na nyumbani huwa hivi hivi? Supi akasema aulizwe mzazi.

Egya hakuwa amefungua kinywa tangu jana. Akasimama kwa fimbo. Akasema nimezaliwa hivi hivi. Utotoni alinipa kazi ya kulinda muhogo uliomenywa, mbuzi asiule. Aliporudi, muhogo umekwisha, nami namweleza kwa nini mbuzi ana haki.

Kicheko! Benchi lilipinduka. Supi alimshika Mama Efuwa asianguke, naye Mama Efuwa akafutia machozi kwenye nguo ya Supi. "Hiyo!" akapiga kelele. "Fundi, chora hiyo!"

Otsiwa, aliyekuja na mkasi wake, akakata vitambaa palepale: mtu wa miwani anasoma kitabu kikubwa, nyuma yake mbuzi anatafuna muhogo. Methali yake: Msomi anasoma, mbuzi anakula. Namba Tatu wamekubali kwa sababu inamcheka kapteni wa Namba Mbili. Namba Mbili wamekubali kwa sababu mbuzi ana sura ya Namba Tatu. Nana amekubali kwa sababu alikuwa na njaa.

Nimepona! Kiti ni changu, kondoo yu hai, na kwenye mtaro Egya alinishika mkono bila kuombwa. Nimekula kenkei ya mahindi na samaki mpaka mkanda ukalalamika. Usiku wa jana sikupata usingizi, leo nitalala.

Jumamosi, 31 Agosti

Imechezwa! Watoto wa pande zote waliifuata wakilia kama mbuzi. Hakuna kichwa kilichopasuka. Egya alicheza mbele ya bendera, na magoti yale, na nilipomwambia apumzike akaniambia nicheze nami niache kuhutubia. Nililia hadharani wala sioni haya. Hata Fiifi alipiga ngoma, ndani ya nguo zake mpya. Dk. Turkson alikuja mwenyewe. Anasema sasa nimeingia ndani. Sura ya nne niandike yaliyotokea tu, nisiongeze kitu.

Maskini, hajaona kazi iliyobaki.

Kesho ni ibada ya shukrani. Vikosi vyote viwili vitakaa kanisani pamoja, na kapteni mpya hutoa neno. Supi ameniagiza niseme asante, nikae. Lakini mchana kutwa nimegundua kosa kubwa la usomaji. Watu wanadhani yule mtu wa miwani ni mimi! Usomaji wa juujuu. Picha humwakisi anayeitazama. Kwa hiyo kikosi kimojawapo ndicho msomi asiyeona kitu, na kingine ndicho mbuzi. Mimi sitawalazimisha maana. Nitawaachia wachague wenyewe nani ni nani, palepale, mbele ya mchungaji.

Egya ameniuliza kama hotuba ni fupi. Nimemwambia akae kiti cha mbele na asiwe na wasiwasi wowote, kwa sababu safari hii nimeeleza kila kitu.